Chasisi ya pikapu kuukuu hapa Mombasa: oil chafu, andasili, rangi ama mafuta ya sufu?

Ndugu zangu wenye pikapu za zamani, kila mvua ikikaribia swali linakuwa ni lile lile, "nipake nini chini isioze?" na majibu yanakuja kumi, kila mtu na lake, huyu anakwambia mwaga oil chafu iliyotoka kwenye injini, yule anakwambia piga andasili, ile dawa nyeusi nzito ya kupuliza chini ya gari, umalize maneno, mwingine anasema redoksaidi, ile nyekundu ya chuma, na rangi nyeusi inatosha. Mimi nishapitia karibu zote na pesa nishazitoa, na nilichokiona ni kwamba swali lenyewe linaulizwa vibaya. Dawa ya chasisi mpya na dawa ya chasisi iliyokula miaka ishirini na kitu hewa ya bahari sio moja. Ile mpya unaizuia kutu isiingie. Hii yetu kutu ishaingia, iko kwenye maungio, iko ndani ya boksi, yaani ule uwazi ulio ndani ya boriti za chasisi, pale ambapo hakuna brashi inafika, na ukikosea unaifungia ndani na chakula chake.

Yangu ni Hilux ya dizeli ya mwaka 1997, kazi yake samaki. Inatoka Gazi, siku zingine Shimoni, na makasha ya barafu, inavuka feri Likoni inashusha mjini. Kwa hivyo chumvi inaipata kote kote, juu barafu inayeyuka na yale maji ya samaki yanachuruzika kwenye bodi mpaka kwenye chasisi, chini kuna mchanga wa ufuoni kule tunakopakilia, na katikati ni hii hewa yetu yenyewe. Watu wanadhani gari lisipogusa bahari liko salama, la hasha. Chumvi ya kawaida, hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi inaanza kuvuta maji yenyewe. Si umeona chumvi ya jikoni imelowa kwenye kibakuli na hakuna mtu alomwagia maji? Basi ndo vile vile kwenye chasisi, na Mombasa asubuhi nyingi unyevu ushapita hapo, manake pikapu yenye vumbi la chumvi chini haijalala kavu hata usiku mmoja, ata kama umeiegesha Bamburi ndani ya geti na haijatoka wiki nzima.

Zile video tunazotazama nyingi ni za Marekani na Canada, na kule chumvi inamwagwa barabarani msimu wa theluji, ukiisha gari linapumzika. Sisi hatuna kupumzika. Na hata huko si kidogo, Toyota mwaka 2016 walikubali kumaliza kesi ya chasisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizokuwa zikioza, magari kama milioni moja na nusu, na hayo yalikuwa mengine hayana hata miaka kumi. Kwa hivyo usijilaumu ukiona yako imeoza.

Sasa kabla ya kulinganisha dawa yoyote, ingia chini na nyundo. Sio macho, nyundo. Tandika gunia, lala, gonga chasisi kuanzia mbele ukirudi nyuma, chuma kizima kinalia, kinakujibu, na palipoliwa panajibu kwa sauti ya mfu, kama unagonga gogo bichi. Gonga sana pale springi za nyuma zinaposhika, gonga juu ya ekseli ambapo matope yanakaa, na kila mahali ambapo bamba moja limelaliwa na jingine. Kutu inakula nafasi mara mbili mpaka mara sita ya chuma ilichokila, ndo maana utaona mabamba mawili yaliyokuwa yameshikana yamefura katikati kama andazi. Ukikuta bisibisi inazama, wacha habari za kupaka. Hapo ni welda, kukata mpaka chuma kizima na kutia bamba jipya, dawa ni baadaye. Hakuna kitu cha kopo kinachorudisha nguvu ya chuma, na hii ni gari unabeba watu na mizigo, tafadhali usijidanganye.

Nianze na andasili manake ndo inayouzwa sana na ndo iliyoniuma. Hii ni ile nyeusi nzito ya lami ama ya mpira, inapulizwa inakauka inakuwa kama ngozi. Kwa chasisi mpya, safi, kavu, ni kitu kizuri, mawe ya barabara ya vumbi yakirushwa hayafikii chuma, na kelele za chini zinapungua. Mwenye hili gari kabla yangu aliipiga, na siku nanunua nilifurahi wallahi, chini kote nyeusi tititi kama imetoka kiwandani. Mwaka wa pili hivi niko kwa fundi Changamwe nabadilisha bushi, kijana akagusa chasisi na kidole gumba karibu na tangi, ikabonyea. Akachukua bisibisi akatoboa pale palipobonyea na maji ya rangi ya chai ya rangi yakatoka, yakateremka kwenye kiganja mpaka kwenye kiwiko. Na ilikuwa ni kaskazi, mvua hatujaiona miezi. Akavuta ile ngozi kwa vidole ikaja kipande kirefu kama ganda la yai lililochemshwa, na nyuma yake kutu imekuja nayo, kurasa kwa kurasa kama kitabu kilicholowa. Akaniambia, "Ami, hii imeanza zamani, ilikuwa imefunikwa tu." Nikamwambia, haya mwanangu, bandua yote, hata kama itatuchukua siku tatu. Ilituchukua nne.

Ndo ujue tatizo la andasili kwa gari kuukuu: inashika vizuri juu ya chuma, haishiki juu ya kutu. Ikipata ufa mmoja mdogo wa jiwe, maji ya chumvi yanaingia nyuma yake na hayatoki, jua haliyafikii, na wewe huoni kitu. Ngozi iko, chuma hakiko. Kwa pikapu yenye zaidi ya miaka kumi ya pwani mimi siwezi kumshauri mtu andasili, isipokuwa mmeitoa bodi mkapiga chasisi mchanga mpaka ikawa nyeupe, na hapo ushakuwa na pesa ya kufanya kitu kingine bora.

Oil chafu ni upande wa pili kabisa. Bei yake karibu bure, kila gereji ipo debe zima, na siwezi kusema uongo, inafanya kazi kiasi chake, mafuta yanafukuza maji na yanajipenyeza kwenye maungio pale ambapo andasili haifiki. Malori mangapi tumeyaona yana miaka na miaka yamepakwa oil tu. Lakini upungufu wake sio mdogo. Kwanza ni nyepesi, mvua mbili tatu za masika na imekwisha. Pili ile oil ishafanya kazi kwenye injini, ina asidi na ina vumbi la madini, sio kitu safi. Tatu inakula mipira, bushi za springi na mipira ya breki zikilowa kila mara zinafura zinalegea, na mpira wa breki ni roho ya mtu. Na hili watu hawalitilii maanani, oil ya injini iliyotumika ni sumu kwa ngozi, ikikaa kwenye ngozi mwaka baada ya mwaka inaweza kuleta saratani, na mnaowapa kazi hii ni vijana wa gereji wanalala chini kifua wazi inawadondokea usoni. Halafu yanayobaki yanadondoka udongoni, na Mombasa nusu yetu tunakunywa na kuoga maji ya kisima. Kwa hayo mawili peke yake mimi nimeiacha. Na ukitaka njia ya mafuta zipo zilizo bora kuliko hiyo, nazifikia.

Rangi sasa. Hapa kuna mambo mawili yanachanganywa. Redoksaidi ile nyekundu ya hadwea watu wanaipaka wanaona wamemaliza, kumbe yenyewe ni praima, inapitisha unyevu, kazi yake ni kushikisha rangi ya juu. Ukiiacha peke yake miezi michache ya hewa ya hapa utaona vipele vya kahawia vinachomoza. Lazima juu iende rangi nzito, mara mbili, na hata hivyo inataka chuma kilichosuguliwa kweli kweli, sio kupanguswa na kitambaa. Praima ya zinki ni habari nyingine, hiyo ina zinki yenyewe ndani, ile nzuri ikikauka asilimia 80 ama zaidi ya uzani wake ni zinki, na zinki inaliwa kabla ya chuma, inajitoa kafara. Hata ikikwaruzwa kidogo bado inalinda pale pembeni. Ila sharti lake ni moja na halina huruma: iguse chuma kitupu. Ukiipaka juu ya kutu ama juu ya rangi ya zamani umetupa pesa, zinki haikugusana na chuma basi haina la kufanya. Kwa hivyo kama una grainda, brashi ya waya na subira, sehemu za nje za chasisi ambazo mkono unafika, zinki chini na rangi nzuri juu inakupa miaka. Ndani ya boksi hakuna fundi atakusugulia.

Dawa ya kubadilisha kutu, ile ya kopo unapaka kutu inakuwa nyeusi, sio dawa kamili ni msaidizi. Kuna ya asidi ya fosforasi na kuna ya tanini, tanini ni kile kile kilichomo kwenye magome ya mikoko yetu, yale yaliyokuwa yakitumika kutengenezea ngozi. Inashikana na kutu inafanya tabaka jeusi gumu. Inasaidia sana kwenye vishimo vidogo ambavyo brashi haiingii. Lakini haiendi chini ya kutu inayobanduka, na kama kuna chumvi ndani ya vile vishimo kutu itaendelea chini yake kimya kimya, kwa hivyo kwangwua kwanza, osha, kausha, ndio upake, na juu yake lazima iende rangi. Mtu akikuuzia kwamba unapaka tu juu ya kutu na umemaliza, mkatalie kwa adabu.

Kuchovya kwenye zinki moto nitaisema haraka. Chasisi inavuliwa gari zima, inasafishwa kwa asidi, inazamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka kama digrii 450. Wenye Land Rover kule Uingereza wananunua chasisi mpya zilizochovywa tayari na zinadumu sana. Kwa pikapu yetu ya kazi yenye chasisi ishapigwa viraka, joto lile linaweza kuipinda, na ya boksi isiyo na matundu ya kutosha ni hatari hata kwa wale wanaochovya. Kama unatengeneza gari la kukaa nalo mpaka wajukuu, sawa. Kwa gari la samaki, hapana.

Na nakuomba usihesabu WD-40 kwenye hizi. Ni kitu kizuri cha kufungulia nati, na kweli ilianza mwaka 1953 huko California kama dawa ya kufukuza maji kwenye chuma cha makombora, lakini ni nyepesi mno, sehemu kubwa yake inapeperuka. Haikuundwa kukaa miezi chini ya pikapu Likoni.

Inabaki mafuta ya sufu na nta, na hapa ndo nimetua mimi. Mafuta ya sufu, lanolini, ni yale mafuta ya asili ya manyoya ya kondoo, yanachujwa yanatengenezwa dawa ya kupuliza. Fluid Film ndo jina linalojulikana zaidi, na ilianzia kwenye meli za Marekani wakati wa vita kuu ya pili, ndani ya matangi ya meli yanayojazwa maji ya bahari. Ukifikiria hiyo ndo hali ya chasisi yetu haswa. Haikauki. Inabaki laini, inatambaa yenyewe, ukipuliza upande mmoja wa maungio kesho utaikuta imetokea upande wa pili, na chuma unakiona, ukitaka kugonga na nyundo unapangusa unagonga. Haihitaji kusugua mpaka chuma cheupe, kutu inayobanduka ukishaitoa na chini kukikauka unapuliza, inazama ndani ya ile iliyobaki na kuinyima maji na hewa. Nta ni ndugu yake, inakuwa nzito zaidi ikishatulia, hii ni nzuri kwa ndani ya boksi kwa sababu huko mvua haiioshi, unaingiza mrija mrefu wenye matundu kupitia vitundu vya chasisi unapuliza huku unauvuta nje taratibu.

Ubaya wake nao niuseme. Bei iko juu, kopo moja halitoshi, na hapa Mombasa sio kila hadwea inayo, mimi natafuta kwa wauza vifaa vya boti. Vumbi linashika, baada ya safari moja ya barabara ya udongo chini kunakuwa kama kumepakwa unga. Juani Februari inadondoka kidogo, wiki ya kwanza usiegeshe kwenye vigae vya mtu. Mipira ya asili isiyovumilia mafuta inaweza kufura, kwa hivyo bushi na mipira ya breki zifunike na plastiki. Usipulize kwenye ekzosi wala kwenye disku na ngoma za breki. Na lililo kubwa, haidumu, mwaka mmoja hivi, pale chini ya makasha yangu ya barafu ni miezi sita. Watu wengi hilo linawakimbiza, wanataka kitu cha kupaka mara moja. Lakini tazama majahazi. Mwenye jahazi hakuwahi kupaka mara moja akasahau, kila msimu chombo kinapandishwa, kinakwanguliwa, chini kinapigwa deheni, yale mafuta yaliyochanganywa na chokaa, juu kinatiwa sifa, mafuta ya papa, na baharini ndo kwenye chumvi yenyewe. Hakuna nahodha aliyeona hiyo ni kasoro ya deheni. Chasisi ya zamani pwani ni chombo vile vile, inataka kupandishwa na kutazamwa kila mwaka, na dawa inayokulazimisha uingie chini kila mwaka inakuonyesha ufa ukiwa bado mdogo.

Ila kuna kitu cha kuamua mapema kabla hujanunua chochote. Ukishapaka mafuta, ya aina yoyote, mlango wa rangi umefungwa, rangi haishiki tena mpaka uoshe kila kitu na tina, ile ya kuyeyushia rangi, na ndani ya maungio hutaosha ukamaliza. Kwa hivyo kama unafikiria zinki na rangi nje, anza nazo, mafuta ya sufu ama nta iende mwisho, ndani ya boksi na kwenye maungio. Hivyo ndivyo tulivyofanya yangu, nje palipofikika zinki na rangi, ndani na maungio yote mafuta, na tangu hapo kila mwaka narudia mafuta peke yake.

Na maji, jamani, maji. Kuosha chini ndo nusu ya kazi yote na ni nafuu kuliko kopo lolote, lakini car wash nyingi hapa zinatumia maji ya kisima, na visima vingi vya kisiwani na ufuoni maji yake ni ya chumvi chumvi. Unalipa mtu akupigie presha chini ya gari, unaondoka unang'aa, na umeongezewa chumvi ndani ya kila tundu. Onja kwenye ulimi kabla hujaingiza gari, sio aibu. Maji ya mfereji yakitoka, ama mvua kubwa ikinyesha, mimi najaza pipa, kila Ijumaa baada ya kushusha samaki napiga ndoo kadhaa chini kote, nazibua vitundu vya kutolea maji kwenye chasisi na waya wa spoku, hivyo vitundu vikiziba na tope boksi linakuwa tangi.

Kwa hivyo ukiniuliza wewe uchague nini. Gari bado changa na chini safi, zinki na rangi, hata andasili juu yake ukipenda, hutajuta. Gari kuukuu lakini nyundo inalia vizuri, mafuta ya sufu kila mwaka, na kama pesa ni kidogo mwaka huu anza na ndani ya boksi, springi za nyuma na maungio, nje ingoje. Pesa hakuna kabisa, basi oil mpya ya bei ya chini ukaichanganya na grisi kidogo ipakike kwa brashi, chafu ya kwenye debe iache pale ilipo, na pia uoshe. Chasisi imetoboka, welda kwanza. Na kama umenunua juzi gari lenye andasili nyeusi nzuri inayong'aa, bonyeza bonyeza na kidole gumba kote kabla ya kushukuru.

Wakati mzuri ni Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua hakuna, chuma kinakauka mpaka ndani ya maungio, ukingoja masika iingie utafungia maji. Egesha juani siku mbili baada ya kuosha kabla ya kupuliza. Yangu inaingia kwa fundi wiki ya kwanza ya Februari, glavu na miwani za yule kijana nimeshanunua, na maboksi ya kutandika chini yasidondoke mchangani nayakusanya sasa.